Jinsi ukoo wa Visconti ulivyoitwaa Milan

UKOO wa Visconti, uliotawala mji wa Milan kaskazini mwa Italia hadi mwaka wa 1447, ulipata mamlaka kupitia kwa kasisi aliyefungiwa lango la mji wake mwenyewe.

Mnamo 1262, Papa Urban IV alimteua Ottone Visconti kuwa Askofu Mkuu wa Milan. Ukoo wa Della Torre, ulioshika hatamu za mji huo, ulikuwa na mtu wake, Raimondo, hivyo ukamzuia Ottone kuingia. Kwa takriban miaka 15 aliishi uhamishoni, huku akiwakusanya mabwanyenye waliofukuzwa na mahasimu hao hao.

Januari 21, 1277, jeshi lake liliwavamia akina Della Torre huko Desio. Kiongozi wao, Napoleone, alitiwa mbaroni na kufungiwa kizimbani katika ngome ya Baradello, karibu na Como, alikofia mwaka uliofuata. Ottone akaingia Milan akiwa askofu na mtawala.

Lakini kiti cha askofu hakirithiwi. Hapo ndipo werevu wa mzee huyo ulipodhihirika. Mwaka wa 1287 alihakikisha kuwa Matteo, mjukuu wa nduguye, amechaguliwa kuwa Kapteni wa Raia. Wadhifa huo ulikuwa wa muda tu, nao ulitolewa na wananchi. Akina Visconti waliugeuza kuwa mali ya nyumbani. Mnamo 1294 Mfalme Adolf wa Ujerumani alimfanya Matteo naibu wake, na hivyo kumpa uhalali ambao haukutegemea raia.

Uhalali huo haukumkinga. Mwaka wa 1302 akina Della Torre walirejea na Matteo akatoroka. Aliokolewa na ujio wa Mfalme Henry VII: ghasia zilipozuka Milan mnamo Februari 1311, lawama ziliwaangukia Della Torre, wakatimuliwa.

Baada ya hapo, hatari ilitoka ndani ya ukoo wenyewe. Mnamo 1385 Gian Galeazzo, aliyedhaniwa kuwa mcha Mungu asiye na makuu, alijifanya anakwenda kuhiji. Ami yake Bernabò, ambaye pia alikuwa baba mkwe wake, alitoka nje ya mji kumlaki akiwa na walinzi wachache. Alikamatwa papo hapo, na akafia gerezani kabla ya mwaka kwisha.

Miaka 10 baadaye, Gian Galeazzo alimlipa Mfalme Wenceslaus florini 100,000 za dhahabu, akatawazwa kuwa Duke wa kwanza wa Milan.