Kwa nini akili inashika zaidi mabaya

Tuseme mama anauzisha unga kwenye soko la Virunga, mjini Goma. Wateja ishirini wanamulipa vizuri, mmoja anamutukana. Usiku, ni yule mmoja tu anarudi kichwani.

Hiyo si ugonjwa wala ulozi. Mwaka 1979, watafiti Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza franga kunauma kuliko vile kupata franga zilezile kunafurahisha. Tangu zamani, mwenye kusahau tunda tamu alikosa chakula ya siku moja. Mwenye kusahau nyoka alikufa. Akili ikajifunza kuchunga hatari kwanza.

Volkano Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021. Kwa hiyo, mwenye kushtuka udongo ukitikisika si mjinga. Woga unaokoa. Shida ni pale hatari imepita, lakini akili inabaki zamu usiku na mchana, na kila uvumi wa simu inauamini.

Kuituliza haiombi makuta:
- Kujiuliza: niliona mwenyewe, ao nilisikia tu?
- Mbele ya kulala, kuacha simu na kutaja mambo matatu yaliyoenda vizuri leo, hata madogo.
- Kuongea na mtu wa kuaminika.

Huzuni ikipita wiki mbili, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, inafaa kwenda kwenye kituo cha afya. Hapo si mawazo mabaya tu tena.