Neva ya Mtu Mwingine

Barabara kuu ya Kisumu hadi Isebania inakatiza Suna, na huku bodaboda ndizo miguu ya watu. Pikipiki ikianguka, abiria akatua kwa bega huku shingo ikivutwa upande wa pili, neva za mkono zinaweza kukatika ndani bila ngozi kuchanika. Mkono huning'inia tu. Majirani husema umekufa, na hukumu hiyo ya haraka inaniuma, kwa sababu mara nyingi bado kuna la kufanywa.

Mwaka 1850 mwanafiziolojia Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kipande kilichotengwa na ubongo kikisambaratika. Nyuzi mpya huchipuka kutoka upande uliobaki hai, takribani milimita moja kwa siku. Kutoka shingoni hadi vidoleni ni karibu miaka miwili, ilhali msuli usio na neva huanza kupotea kabisa baada ya mwaka mmoja hivi.

Pengo likiwa refu, itatoka wapi neva ya kuliziba? Kabla ya karne ya 19 kuisha, mpasuaji Eduard Albert wa Vienna alijaribu neva ya mguu uliokatwa wa mtu mwingine. Sababu ya neva za wageni kushindwa ilikuja kueleweka kupitia mwanabiolojia Peter Medawar. Mwaka 1940, Oxford, yeye na J. Z. Young walikuwa wakigundisha neva kwa utegili wa damu. Vita vikamhamishia kwenye majeraha ya moto, na mwaka 1943 yeye na Thomas Gibson walionyesha kwamba mwili huikataa ngozi ya mgeni, na ya pili kutoka kwa mtu yuleyule huikataa upesi zaidi.

Mwaka 1988, Toronto, mpasuaji Susan Mackinnon alimpandikiza mvulana neva za marehemu mguuni. Aliyepewa figo humeza dawa za kutuliza kinga maisha yake yote. Wa neva huziacha. Neva ya mgeni ni kama mti wa kupandishia maharagwe: nyuzi za mgonjwa mwenyewe huipitia, seli za mgonjwa huchukua nafasi ya zile za mgeni, na nyuzi zikishavuka dawa husitishwa. Mwaka 2001 Mackinnon aliripoti wagonjwa saba. Sita walipata nafuu, mmoja mwili wake ukaikataa.

Nchini Kenya nako, mwaka 2018, madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walimrudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, neva zikiwemo. Kwa aliyeanguka Suna, neva ya kwanza kufikiriwa ni ya mguuni mwake mwenyewe, akimfikia mpasuaji kabla miezi sita haijapita.