Mashine Iliyofika kama Mabaki: Albamu Tatu za Kelele na Giza

Muziki wa viwandani una tarehe na mahali pake. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle lilianzisha jijini London kampuni yake ya kurekodi, Industrial Records, na mwaka uliofuata likatoa albamu The Second Annual Report. Mwaka 1981, huko Berlin Magharibi, Einstürzende Neubauten, jina lenye maana ya majengo mapya yanayoporomoka, walitoa Kollaps, ambamo vyuma chakavu vinafanya kazi ya ngoma. Muziki wa gothiki, ndugu wa huo, ulikua Uingereza miaka hiyohiyo. Bauhaus walitoa In the Flat Field mwaka 1980.

Nazipenda zote, hasa Kollaps. Hata hivyo, zinasimulia historia ya watu waliokuwa na viwanda vikubwa, kisha wakaviona vikifungwa. Huku Kabeza, mngurumo mkubwa wa mashine tunaousikia ni wa ndege zinazotua uwanja wa Kanombe. Mwanafunzi wa historia anayesikiliza muziki huu hapa lazima ajiulize: sisi mashine ilitufikiaje? Hoja yangu ni kwamba mara nyingi ilitufikia ikiwa mali ya mwingine, au mabaki yake, na kwamba albamu tatu za ukanda wetu zimeihifadhi historia hiyo vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Ya kwanza ni Congotronics ya Konono Nº1, iliyotoka mwaka 2004. Kundi hili lilianzishwa Kinshasa katika miaka ya 1960 na Mawangu Mingiedi, mtu wa kabila la Wazombo, wanaoishi mpakani mwa Kongo na Angola. Chombo chao kikuu ni likembe, ambayo sisi Wanyarwanda tunaiita ikembe: vyuma vyembamba juu ya kisanduku cha mbao, vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kijijini sauti yake inatosha. Kinshasa, katikati ya magari na baa, haikutosha. Mingiedi akatumia sumaku za vipuri vya magari mabovu kutengenezea vinasa sauti, akaviunganisha na vipaza sauti vya pembe vya aina iliyotumika enzi za Wabelgiji. Sauti ikatoka kubwa, lakini imekwaruzika. Ukwaruzaji huo haukukusudiwa; uliletwa na vifaa vyenyewe, na wanamuziki wakaupenda, wakaubakisha. Wasikilizaji wa Ulaya waliposikia albamu hiyo walidhani ni majaribio ya kisasa kabisa. Kwa kweli ilikuwa muziki wa kimila ukijitahidi kusikika mjini. Kipaza sauti kilichokuwa kikitoa amri za mkoloni sasa kinapiga ikembe. Sijui mfano bora zaidi wa kumweleza mtu historia ya miji yetu baada ya uhuru.

Ya pili nitaitaja kwa ufupi. Duma, ya kundi lenye jina hilohilo, ilitolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili ataona picha ya mnyama mwenye mbio, lakini vijana hao wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walilichukua neno hilo kutoka Kigikuyu, wakimaanisha giza. Ngoma za kompyuta zinakwenda kasi isiyowezekana kwa mikono, na juu yake Kanja anapiga kelele. Ni nzito kuimaliza kwa mkupuo mmoja.

Albamu ninayoipenda kuliko zote ni ya tatu, The Adept, ambayo Kanja aliitoa peke yake Aprili 2024 kwa jina la Lord Spikeheart. Ameitoa kwa kumbukumbu ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildimasheli katika Mau Mau. Waingereza walitangaza hali ya hatari Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Muthoni alipigana msituni na hakutoka hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Nywele alizozisokota msituni alikaa nazo mpaka mwaka 2022, akazikata hadharani, na mwaka uliofuata akafariki. Bauhaus waliazima giza lao kwenye sinema za zamani za Dracula, na hakuna ubaya. Spikeheart hakuhitaji kuazima.

Mwenzangu darasani ananipinga vikali. Anasema nchi iliyopitia mwaka 1994 haina haja ya muziki wa giza, na kwamba kuufurahia ni kuchezea huzuni za watu. Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito, maana hapa kila tarehe 7 Aprili muziki wa starehe huzimwa, nami huzima wangu bila kuambiwa. Lakini naona anachanganya mambo mawili. Kuna kelele za kusahau, ambazo baa za mtaani kwetu zinazo tele wikendi, na kuna kelele za mtu anayemtaja marehemu wake kwa nguvu kwa sababu hati za serikali ya kikoloni zilimwita gaidi. Ya pili naiona karibu zaidi na maombolezo kuliko starehe.

The Adept ilitoka mwezi uleule Rwanda ilipoanza kuadhimisha miaka 30. Niliisikiliza kwa mara ya kwanza mwezi Julai, siku mia zilipokwisha, sauti nikiwa nimeipunguza.