Ngano hujaribiwaje dhidi ya kutu ya shina?

Kutu ya shina ni ugonjwa wa kale wa ngano, unaosababishwa na kuvu inayojulikana kisayansi kama Puccinia graminis. Mmea ulioambukizwa hutoka vidonda vyenye unga wa rangi ya kutu. Maji na chakula hukatika njiani, punje husinyaa na mashina huanguka. Shamba lililokuwa likipendeza wiki tatu kabla ya mavuno laweza kuishia kutoa makapi.

Jina lililotoka Uganda

Mwaka 1998 mtafiti William Wagoire aliiona kutu hiyo katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kwenye vilima vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Ilikuwa ikishambulia ngano iliyodhaniwa kuwa salama. Sampuli zilichunguzwa Afrika Kusini na Zacharias Pretorius, ikabainika kuwa kuvu hiyo imeishinda jeni ya Sr31, iliyokuwa kinga ya ngano katika nchi nyingi. Ikaitwa Ug99, yaani Uganda na mwaka 1999. Baadaye ilionekana Kenya, Ethiopia, Sudan na Yemen, na mwaka 2007 ikagunduliwa Iran. Chembe zake ni nyepesi mno, na upepo huzibeba masafa marefu.

Chujio la Njoro

Tangu mwaka 2005, kituo cha utafiti cha Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, kimekuwa kikipima ngano za dunia dhidi ya Ug99. Maelfu ya aina hupandwa katika mistari mifupi, misimu miwili kila mwaka. Kandokando yake hupandwa ngano dhaifu, ambayo huambukizwa makusudi ili ieneze ugonjwa shamba zima.

Kisha watafiti hupita mstari kwa mstari, wakikadiria ni asilimia ngapi ya shina imefunikwa na kutu. Hutazama pia vidonda vyenyewe: kikiwa kidogo, mmea unapambana; kikiwa kikubwa na kujaa unga, mmea umeshindwa.

Kwa nini majaribio hayaishi

Kuvu nayo hubadilika. Mwaka 2006 kizazi kipya cha Ug99 kiliishinda jeni ya Sr24, na mwaka uliofuata aina ya Kenya Mwamba, iliyochukua takriban asilimia 30 ya eneo la ngano nchini Kenya, ikashambuliwa vikali. Aina ya Robin, iliyofuata baadaye, nayo iliugua mwaka 2014.

Hivyo wataalamu hawategemei tena jeni moja yenye nguvu. Huunganisha kadhaa zenye nguvu ndogo, ikiwemo Sr2. Mmea wa namna hiyo huugua, lakini polepole, na punje hupata muda wa kujaa.

Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George wilayani Kasese, hakilimi ngano. Hata hivyo chapati na mandazi huliwa huko kama kwingineko Uganda, nchi inayoagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Kutu ikiharibu mashamba ya mbali, bei ya unga huweza kupanda hata dukani kijijini.

Kwa wakulima wa Kigezi na Kapchorwa, mbegu iliyofaulu jana si dhamana ya kesho. Unga mwekundu ukionekana shinani, afisa kilimo aarifiwe mapema.