Kompyuta Mzee, TV Mpya: Adapta Gani Itakupea Rangi Zote?

Umeshika desktop ya ex-UK, nyuma iko na tundu la VGA pekee, na TV ya kejani inataka HDMI. Kabla utoe ganji kwa duka lolote Kilifi ama Malindi, chanuka: adapta ziko aina mbili, na hazifanyi job moja.

Rangi kamili ni nini?

Kila nukta kwa skrini huchanganya nyekundu, kijani na buluu. Kila moja ikipewa biti 8 inapata viwango 256. Zidisha 256 mara tatu, unapata rangi 16,777,216. Hiyo ndiyo biti 24. Ukishuka hadi biti 16 unabaki na 65,536, na ile picha yako ya jua likizama Kilifi Creek inatoa mistari mistari angani.

1. Mkalimani: VGA kwenda HDMI

VGA ililetwa na IBM mwaka wa 1987. Hutuma rangi kama umeme unaopanda na kushuka. Adapta huupima, inaugeuza kuwa namba za TV, basi. Haiongezi rangi hata moja. Kama Windows XP yako imesetiwa biti 16, badilisha hapo kwanza.

Shtukia vitu viwili. Adapta ni ya njia moja, so ile ya HDMI kwenda VGA haitakusaidia hata ikitoshea. Pia VGA haibebi sauti, kwa hivyo chukua yenye waya wa sauti na wa USB wa kuipa moto.

2. Mchoraji: USB kwenda HDMI

Hapa programu hushika picha ndani ya kompyuta, inaibana, inaipitisha kwa USB, halafu chipu ya adapta inaifungua. Mbona ibanwe? Picha ya 1920 kwa 1080, biti 24, mara 60 kwa sekunde, ni karibu biti bilioni 3 kila sekunde. USB 2.0 mwisho wake ni milioni 480. Mzigo wa kubana unaangukia prosesa. Core 2 Duo itakuandikia CV poa, lakini muvi itakwama kwama.

Na hii trick si ya jana. Commodore Amiga ya 1985 ilikuwa na rangi 4,096 tu. Kikatokea kifaa cha DCTV, unakichomeka kwa tundu la monita, kinasoma data iliyofichwa ndani ya picha ya kawaida na kutoa rangi mamilioni.

So ununue gani?

Muvi na mechi: mkalimani. Skrini ya pili ya kazi: mchoraji, na uhakikishe mashine iko na USB 3.0. Beba kompyuta dukani ijaribiwe kabla ulipe. Ukifika keja, funika tundu usizotumia, maana hewa ya chumvi ya huku Pwani hula chuma bila huruma.