Mwenye Nguvu Mpishe? Historia ya Baiskeli na Gari kutoka Mbinga hadi Ziwa Nyasa

Ipo methali ya Kiswahili isemayo: "Mwenye nguvu mpishe." Waliotuachia methali hiyo walikusudia kumfunza mnyonge busara ya kujiokoa. Hawakukusudia kumpa mwenye nguvu haki ya kutopisha. Hata hivyo, katika barabara zetu methali hii imegeuka kuwa sheria isiyoandikwa. Mwendesha baiskeli akisikia honi nyuma yake, huacha lami na kuingia majanini pamoja na mzigo wake. Gari halipunguzi mwendo, wala dereva hashukuru. Wote wawili wanaamini kwamba ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa.

Katika makala haya nataka kuuliza imani hiyo ilitoka wapi. Nitatumia historia ya njia moja ninayoifahamu, ile inayotoka Songea, ikapita Peramiho na Kitai, ikafika Mbinga, kisha ikateremka hadi Mbamba Bay kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Ni njia iliyobadilika sana ndani ya muda mfupi, na kwa sababu hiyo inatufunza jambo ambalo barabara kongwe za Dar es Salaam zimekwisha kulisahau.

Kabla ya gari palikuwa na njia za miguu. Milima ya Umatengo hupanda kupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa uko chini ya mita 500. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo iliyozaa biashara. Kutoka ziwani walipanda samaki, yaani mbasa, magege na usipa waliokaushwa. Kutoka milimani yalishuka mahindi na maharage. Wabebaji walikutana katikati ya mteremko, na adabu ya kukutana kwao bado ipo vijijini hadi leo: asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Katika njia ya miguu, aliyepishwa ndiye aliyekuwa katika hali ngumu zaidi.

Barabara ya magari ililetwa na ukoloni, na haikuletwa kwa ajili ya wabebaji hao. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo viongozi wa Wangoni walivilipia kwa kunyongwa pale Songea mnamo Februari 1906, dola ya kikoloni ilihitaji njia za kupeleka askari, kukusanya kodi na kusafirisha mazao. Waingereza waliirithi haja hiyo. Wananchi waliitwa kufyeka, kuchimba na kushindilia udongo, mara nyingi kama kazi ya kufidia kodi. Kwa hiyo barabara zetu za mwanzo zilijengwa na watembea kwa miguu, kwa mikono yao, kwa manufaa ya watu wasiotembea kwa miguu. Kutoka hapo ndipo lilipoota wazo kwamba barabara ni mali ya gari, na kwamba wengine wote ni wapita njia wanaovumiliwa.

Historia ya dunia inalikanusha wazo hilo. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli. Huko Marekani, chama cha waendesha baiskeli kilichoanzishwa mwaka 1880 kilikuwa miongoni mwa sauti za kwanza kudai barabara nzuri, kabla gari la petroli halijaanza kuuzwa nchini humo. Gari lilikuta mlango umekwisha kufunguliwa na baiskeli, likaingia, kisha likaufunga nyuma yake.

Katika Mbinga baiskeli ilikuja kwa njia ya misheni, shule na kahawa. Kahawa ilipoenea milimani, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilipoundwa katika miaka ya 1930, mkulima alianza kupata fedha ya msimu. Fedha hiyo ilinunua mabati, ada za shule na baiskeli. Mwalimu, katekista na bwana shamba walifika kazini kwa baiskeli. Wagonjwa walipelekwa zahanati juu ya keria. Katika miaka ya 1970 taifa letu liliiheshimu baiskeli kiasi cha kuwa na kiwanda chake cha kuitengeneza, NABICO, jijini Dar es Salaam. Haikuwa alama ya umaskini. Ilikuwa chombo cha maendeleo kwa maana kamili ya neno hilo.

Katika miongo hiyo palikuwa na aina ya amani ambayo hatukuitambua, kwa sababu ilifanana na kero. Barabara ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa tope, kiangazi ilikuwa vumbi na makorongo. Lori la kahawa lilipanda kwa kunguruma na kuteremka kwa kunyata. Gari na baiskeli havikuwa sawa kwa uzito, lakini kwa mwendo havikuachana sana. Ubovu wa barabara ulifanya kazi ya trafiki bila mshahara.

Mambo mawili ya miaka hiyo hiyo yanapaswa kukumbukwa. La kwanza ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kanuni zetu, ikiwa ni pamoja na kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. La pili ni Operesheni Vijiji, iliyoendeshwa kwa nguvu kati ya 1973 na 1976. Katika sehemu nyingi za Tanzania vijiji vipya vilipangwa kandokando ya barabara, ili huduma na magari ya mazao yafike kwa urahisi. Nyumba zikawa upande huu, shule na kisima upande ule. Serikali ile ile iliwasogeza watu kwenye barabara kwa nia njema, na kizazi kilichofuata kikaiongezea barabara hiyo kasi.

Kasi ilikuja na lami. Mwezi Februari 2008 Tanzania ilitia saini mkataba wa dola milioni 698 na shirika la Marekani la MCC, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa barabara ya Peramiho hadi Mbinga, takriban kilomita 78. Kisha, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, lami ikateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Siandiki kuilaumu lami. Mama mjamzito wa Mbamba Bay anajua thamani yake kuliko mhadhiri yeyote. Lakini lami haikuwaletea wasafiri wa kawaida peke yao. Kutoka machimbo ya Ngaka hutoka malori ya makaa ya mawe yanayopita Kitai na Songea kuelekea bandari ya Mtwara. Bandari ya Mbamba Bay nayo inapanuliwa, na mizigo yake itapita katika mteremko ule ule ambao muuza samaki anaukokotea baiskeli yake.

Hesabu ni rahisi, na ningependa kila mwanafunzi aifanye mwenyewe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80, husafiri mita 22. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja kabla mguu wake haujagusa breki. Mita hizo zote zimekwisha kupita. Tena, kutoka mwendo wa 50 kwenda 80, nguvu ya mgongano haiongezeki kwa nusu, bali huzidi mara mbili na nusu. Mzee aliyejifunza kuvuka barabara katika enzi ya udongo ana macho yaliyozoea kupima gari la polepole. Hakuna aliyemfundisha upya.

Ajali inapotokea, tunaisikia sentensi ile ile: chanzo ni uzembe wa mwendesha baiskeli. Sentensi hiyo nayo ina historia. Tarehe 17 Agosti 1896, Bridget Driscoll aligongwa na kuuawa na gari jijini London, na anahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza nchini Uingereza kufa kwa namna hiyo. Mchunguzi wa kifo chake alieleza tumaini kwamba jambo kama hilo halitatokea tena. Wakati huo kifo barabarani kilikuwa kashfa. Miaka 30 baadaye, katika miji ya Marekani, wafanyabiashara wa magari na vyama vya wenye magari walikuwa wameendesha kampeni za kumcheka na kumtoza faini anayevuka mtaa ovyo, hata lawama ikahama kutoka kwa mwenye chombo kizito na kuangukia mwenye miguu. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi kubwa kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa mtu mmoja mmoja.

Je, basi mwendesha baiskeli hana wajibu? Anao. Ili kuueleza, naomba tugeuke tutazame majini, kwa kuwa njia yetu inaishia ziwani. Mabaharia wana kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, zilizokubaliwa mwaka 1972. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini mvuvi wa Liuli anaweza kuzielewa bila mkalimani. Kanuni moja husema kwamba chombo cha injini hukipisha chombo cha tanga. Mwenye uwezo wa kugeuka kwa urahisi ndiye anayegeuka. Lakini kanuni hizo hizo huongeza sharti: katika mlango mwembamba, ambamo meli kubwa haiwezi kukwepa, chombo kidogo kisiizuie njia.

Hiyo ndiyo maana ya wajibu wa pamoja. Ni wajibu wa wote, ila haugawanywi sawa kwa sawa. Hugawanywa kwa uwezo. Kila mmoja hudaiwa kile anachoweza kufanya, na anayeweza kuua hudaiwa zaidi.

Tuulete mizani huo kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay. Dereva wa lori anadaiwa kushuka kwa gia nzito, asichome breki kwa kuzikanyaga mfululizo. Anadaiwa kutolipita gari jingine konani, kumpa mwendesha baiskeli nafasi ya kuyumba, na kupunguza mwendo kijijini hata kama hakuna askari mwenye tochi. Honi haimwondolei wajibu wa breki. Naye mwendesha baiskeli anadaiwa kwenda upande wa kushoto, kutoshuka mlima mkali akiwa na gunia ambalo breki zake za mpira haziwezi kulizuia, na kuwa na taa usiku. Dereva hawezi kumpisha mtu asiyemwona. Konani, ambapo lori lililosheheni haliwezi kukwepa, ateremke na kukokota. Kufanya hivyo si kumwogopa mwenye nguvu. Ni kutambua mlango mwembamba.

Yupo mdaiwa wa tatu, ambaye katika mikutano ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani mara nyingi hukaa meza kuu akiwahubiria wawili wa kwanza. Huyo ni mpangaji na mjenzi. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, zile za wilaya chini ya TARURA, na mwendesha baiskeli hutoka katika hizi akaingia katika zile bila kujua kwamba amevuka mpaka wa taasisi. Mahali pa hatari mara nyingi ni hapo hapo, penye makutano ya njia ya kijiji na lami. Uholanzi, tunayoisifu leo kwa baiskeli zake, haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1972 zaidi ya watu 3,200 walikufa katika barabara zake. Wazazi waliingia mitaani kudai kwamba watoto wasiendelee kuuawa, na serikali ikaanza kujenga njia nyingine za kusafiri. Waliobadilishwa kwanza ni barabara, tabia zikafuata. Kwetu, Umma wa Wapanda Baiskeli, UWABA, umetoa madai ya namna hiyo jijini Dar es Salaam. Mikoani sauti hiyo bado ni haba.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, naomba jambo dogo. Mnapokagua barabara, ikagueni pia kwa miguu, saa ya watoto kutoka shule na siku ya gulio. Kwa wanafunzi na wanaharakati: dai bega la barabara lenye upana wa kutosha, tuta na kivuko mbele ya shule kwa nguvu ile ile tunayodai lami.

Wamatengo walikwisha kulitatua tatizo linalofanana na hili. Kilimo chao cha ngoro huufunika mteremko kwa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu. Kila shimo huzuia maji yasishuke kwa kasi. Mwanamume hufyeka na kupanga majani, mwanamke hufukia kwa udongo; kazi zao si moja, lakini ngoro haikamiliki pasipo mmojawapo. Na mwenye shamba la juu akizembea, udongo humporomokea wa chini. Ndiyo maana hakuna mkulima wa Umatengo atakayemwambia jirani yake wa bondeni: mwenye nguvu mpishe. Anajua kwamba kasi ya maji huanzia juu, na huko huko juu ndiko inakopaswa kuzuiwa.