Simu na taarifa za dawa: namna ya kutafuta bila kujidhuru

Je, umevuka kutoka Kongo ukiwa na dawa za presha, kisukari au za mtoto, na sasa hujui zinaitwaje upande huu wa Rwanda? Je, umepewa dawa kwenye kituo cha afya na jina lake ni tofauti na lile ulilozoea Bukavu, Kamanyola au Uvira? Wengi hufungua simu na kutafuta. Simu inaweza kukusaidia kuitambua dawa, lakini haiwezi kukupangia dozi. Taarifa hii ni kwa ajili yako unayeishi Mibirizi au kwingineko wilayani Rusizi.

Tafuta jina la dawa, si jina la biashara

Kila dawa ina jina la kimataifa. Utaratibu wa majina hayo ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1950. Kwenye boksi, jina hilo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Doliprane, Efferalgan na Panadol ni majina matatu ya biashara, lakini dawa ndani ni moja: paracetamol. Mtu asiyejua hilo anaweza kumeza mbili kwa wakati mmoja na kuzidisha dozi. Kwa mtu mzima, kikomo cha paracetamol ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ikizidi, inaweza kuharibu ini.

Andika jina lote, herufi kwa herufi

- Boksi la Kifaransa huandika *amoxicilline* au *metformine*. La Kiingereza huandika *amoxicillin* au *metformin*. Ni dawa zilezile. Ukiondoa "e" ya mwisho, utapata zaidi kurasa za Kiingereza.
- Usibonyeze jina ambalo simu inakupendekezea kabla hujamaliza kuandika. Metformin ni ya kisukari, metronidazole ni ya kutibu maambukizi. Zinaanza kwa herufi zilezile na zote zipo za miligramu 500.
- Linganisha jina lililo kwenye skrini na lililo kwenye boksi. Herufi moja ikitofautiana, anza upya.

Kuwa mwangalifu na namba

Skrini ndogo na kioo kilichopasuka huficha alama ndogo. Kwa Kifaransa, nusu huandikwa kwa mkato: 2,5 mg. Kwa Kiingereza huandikwa kwa nukta: 2.5 mg. Usipoiona alama hiyo, utasoma 25, yaani mara kumi zaidi. Kuza maandishi kwa vidole viwili kabla ya kusoma namba yoyote.

Dawa za maji za watoto zina hatari nyingine. Miligramu (mg) ni kiasi cha dawa. Mililita (ml) ni kiasi cha maji unayompa mtoto. Kuna chupa za paracetamol zenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine zenye 250 katika mililita 5 hizohizo. Kijiko ni kilekile, lakini dawa ni zaidi ya mara mbili. Isitoshe, dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake, na simu haijampima. Usimpe mtoto dozi uliyoipata mtandaoni.

Andaa simu ukiwa na mtandao na umeme

- Piga picha ya boksi pande zote, na ya karatasi ya vidonge kabla hujaanza kuikata. Ukikata vipande, jina na tarehe ya mwisho ya matumizi hupotea.
- Piga picha ya kadi ya hospitali pia. Ukimwonyesha mhudumu, atajua ulichokuwa ukitumia.
- Programu ya MSF Medical Guidelines, ya Madaktari Wasio na Mipaka, ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ukishapakua yaliyomo. Ipo kwa Kifaransa na Kiingereza. Imeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya: itumie kujua dawa ni ya nini, si kujitibu.
- Kamera inayotafsiri husaidia kuelewa karatasi ya maelezo inahusu nini. Usiiamini kwa namba, wala kwa maneno kama "kabla ya" na "baada ya".
- Jibu linalotokea juu kabisa ya ukurasa linaweza kuwa tangazo la mfanyabiashara au muhtasari wa mashine. Usiishie hapo.

Kama una simu ya vitufe, hujapoteza kitu. Beba boksi lenyewe hadi kituoni, hata kama ni tupu.

Weka simu chini, nenda kwa mhudumu, ikiwa:

- mgonjwa ni mtoto, mjamzito au anayenyonyesha;
- dawa ni ya presha, kisukari, kifafa, kifua kikuu au VVU. Usiiache wala kuibadilisha kwa sababu ya ulichosoma, na nenda kabla haijaisha;
- vidonge havina jina. Kutafuta kwa rangi na umbo si njia salama;
- baada ya kumeza umevimba uso, umetokwa na vipele au unapumua kwa shida. Hii ni dharura.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Tatizo likizidi uwezo wao, watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Ya Mibirizi utaona imeandikwa pia "Mibilizi", ni ileile. Kwa dharura, piga 912 kuomba gari la wagonjwa.

Ukifika, uliza mambo matatu: dawa hii inaitwaje, ninywe kiasi gani na mara ngapi, na je, inapatana na nyingine ninazotumia? Omba majibu yaandikwe, kisha yapige picha. Picha hiyo itakufaa zaidi kuliko kutafuta upya mtandaoni.